Kiti cha Kwanza Kwenye Benchi

Chumbageni, Tanga
6 Oktoba 2024

Ndugu yangu Kamaludin,

Assalamu alaykum. Nimeshika kalamu kama watu wa zamani kwa sababu simu yako haipatikani. Nilipiga mpaka mkeo Kulthum akanionea huruma, akaniambia umeizima kwa ajili ya mashabiki wanaokurekodia matusi. Basi izime. Barua zangu nitampa Baya wa basi la Mombasa, naye atakuletea mpaka barazani kwako Kibokoni. Ukizima na baraza, nitakuja mwenyewe.

Huku hatujambo. Goti langu linaniuma nikipanda ngazi, nikishuka linanyamaza. Mwanangu Yumna na mumewe Sabir wamehamia kwangu tangu kodi ya kule kwao ipande, nyumba imepata sauti tena. Mtoto wao amejifunza kusema "hapana" na sasa hasemi lingine.

Nimesikia Kizingo Rovers wamemfukuza yule kocha wao wa Ureno na timu umepewa wewe. Nataka kujua jambo moja tu. Umepewa, au umeshikishwa tena? Maana hii si mara ya kwanza, wala ya pili. Kila wakiharibikiwa wanakuita uzoe matope, ukishasafisha analetwa mtu na ndege. Leseni unayo, miaka unayo, Mombasa nzima inakujua. Safari hii andika maombi, Kamaludin. Weka karatasi mezani kwao, waikatae wakiiona.

Wasalimie nyumba nzima.

Dada yako,
Fadhiya

*

Kibokoni, Mombasa
27 Oktoba 2024

Dada Fadhiya,

Waalaykumu salaam warahmatullah. Barua nimeipata, Baya aliileta pamoja na ndimu zako. Kulthum ameshazitia kwenye mtungi wa achari na anakuombea dua. Sisi wazima. Mvua imeingia chumba cha juu upande wa kitanda cha marehemu mama. Nimekisogeza.

Nimeshikishwa. Mwenyekiti wetu Bwana Jefwa alinifuata hapa barazani, akanywa kahawa, akasema, "Shika timu kidogo, Kamaludin, mpaka tupate mtu." Nikamwambia inshallah. Tumecheza mechi kadhaa na hatujafungwa. Wachezaji wananisikiliza. Vijana wa Makadara wameanza kuja tena uwanjani, na wale wauza mihogo wa mlangoni wamerudi.

Kuhusu maombi, dada, wewe umesahau tulivyolelewa? Imamu asipokuwepo msikitini kwetu, watu hutazamana. Huyu husema tangulia, yule husema tangulia wewe. Baba alikuwa hafidhi, Kurani yote kichwani, na bado alirudi safu ya pili mpaka wamvute kanzu. Aliyekwenda mbele bila kusukumwa alisemwa hapa barazani wiki nzima. Mimi nipo pale pale, wananiona kila siku. Niombe nini? Wakitaka watanisukuma.

Kwa hiyo kwenye benchi nakaa kiti cha pili. Cha kwanza nakiacha wazi, asije mtu akasema nimekitamani. Nimefanya hivyo kila nilipokuwa kaimu. Sabir analijua hilo, nilimfundisha msimu ule alipokaa na mimi kujifunza kazi. Mwambie mjomba wake anamsalimu, na aendelee na hao watoto wake wa timu ya vijana.

Ndugu yako,
Kamaludin

*

Chumbageni, Tanga
20 Novemba 2024

Kamaludin,

Salamu nyingi, na pole ya chumba cha juu. Mwite fundi, usisogeze kitanda mpaka kikafika barabarani.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilitaka kukupiga. Msikitini wanasukumana kwa sababu wote wanaogopa Mungu. Kwenye kamati ya mpira nani anaogopa nini? Wewe unakaa kiti cha pili ukingoja kuvutwa kanzu, na wao wanakiangalia kile kiti kitupu wanasema, ala, kumbe nafasi ipo. Wewe wataka kuposwa, siyo? Wataka waje na mshenga na kilemba! "Mpaka tupate mtu," alikwambia, ukamwambia inshallah. Wewe ni nani, mwiko, wa kukorogea kisha kutundikwa?

Andika maombi. Ukiona haya, niandikie mimi, nitayanakili kwa mkono wangu.

Sisi tupo. Sabir hana nafasi siku hizi, mchana kutwa yuko uwanjani, akirudi analala na viatu. Yumna analalamika lakini usoni anafurahi. Nitakueleza siku nyingine.

Fadhiya

*

Kibokoni, Mombasa
15 Januari 2025

Dada Fadhiya,

Natumai u mzima na goti limepoa. Unisamehe kwa kukawia. Baya aliniuliza mara kwa mara kama nina barua, nami nikawa namwambia kesho.

Fundi alikuja, akaziba. Mtoto wa jirani Mwanakuu ameolewa, Kulthum alikaa shughulini mpaka sauti ikamkauka. Bei ya samaki imepanda.

Kocha mpya amekuja. Ni Mbelgiji, mrefu, mpole, ameungua na jua shingoni. Alitambulishwa Ijumaa iliyopita mbele ya waandishi. Tulikuwa wa tatu kwenye ligi siku hiyo. Nilivaa shati jeupe kwa sababu Bwana Jefwa aliniambia nivae vizuri, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni kwa ajili yangu. Mbelgiji aliulizwa kuhusu mimi. Alinishika bega, akasema, "Ni mtu mzuri sana. Anawajua wachezaji. Atanisaidia." Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Kisha nikampa filimbi na funguo za chumba cha mipira, nikamwonyesha bomba gani lina maji.

Mwandishi mmoja wa kike, Emmah, aliuliza kwa nini makocha wenyeji hawapewi timu kubwa. Bwana Jefwa akajibu, "Tulitangaza nafasi. Hakuna mwenyeji aliyeomba." Hakusema uongo.

Huhitaji kunionea huruma. Sina hasira. Ningekuwa na hasira ningejua la kufanya nayo. Naamka, nasali, nakwenda mazoezini, napanga koni, narudi. Juzi Kulthum alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaniuliza chumvi imetosha. Nilishindwa kumjibu. Sikuwa nimenuna, dada. Sikujua.

Kamaludin

*

Chumbageni, Tanga
2 Februari 2025

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako na nimeificha chini ya mto, sijamsomea mtu. Sitakulaumu. Maneno yangu ya Novemba yalikuwa makali, na naona hata hukuyajibu.

Sasa kaa chini. Huku kwetu kuna Mkonge Stars, wako ligi kuu, unawajua. Kocha wao wa Zambia ameondoka. Bi Sheikha, mke wa mwenyekiti wao, tunakaa naye darsa moja kila Alhamisi. Alisema mumewe anatafuta kocha wa kigeni. Nikamwambia, kwani ndugu yangu si wa kigeni? Akashtuka. Nikamwambia yuko Mombasa, kuna mpaka pale Lungalunga, watu wanagongewa mihuri. Akaenda kumwambia mumewe, naye mumewe akasema, kweli kabisa, na sifa zake tunazisikia.

Umeona? Ukikaa hapo ulipo wewe ni mwenyeji, huna thamani. Ukipanda basi la Baya ukashuka Tanga, ambako hata mahamri ni yale yale, wewe ni mtaalamu kutoka nje. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Yumna akaja kuniangalia.

Hukuomba wewe, nimekuombea mimi, kwa hiyo adabu yako iko salama. Mwenyekiti atavuka kuja kukuona. Usimuulize maswali mengi. Sema ndiyo, utoke kwenye hiyo baraza kabla hujageuka jiwe lake.

Fadhiya

*

Kibokoni, Mombasa
25 Februari 2025

Dada Fadhiya,

Assalamu alaykum. Ramadhani inabisha hodi, Mungu atufikishe. Kulthum ameshaanza kukausha tambi.

Mwenyekiti wa Mkonge alikuja. Alitaka kuona bahari ya Mombasa kama vile Tanga haina, basi nikampeleka Mama Ngina. Tulikaa kwenye ukuta tukila mihogo ya kukaanga na pilipili. Alinipa timu. Aliitoa hivyo hivyo, mihogo mkononi, kama mtu anayekupa nafasi kwenye mkeka. Timu yangu, dada, siyo ya kushika. Mkataba wa misimu miwili. Nilitarajia moyo uruke. Nilimshukuru, nikamwambia asijimwagie pilipili kwenye kanzu.

Nilimuuliza kwa sasa timu inaongozwa na nani. Akasema, "Kuna kaimu, kijana wetu tu." Nikasema sawa.

Mbelgiji nimemuaga. Alinikumbatia na kuniambia mechi zile nilizoshinda kabla hajafika amezitazama zote kwenye kanda, na hakuelewa kwa nini walimwita yeye. Ni mtu mzuri. Sina neno naye. Bwana Jefwa alinitakia heri, akasema Kizingo ni nyumbani, mlango uko wazi.

Navuka wiki ya kwanza ya mfungo. Nitafikia nyumba ya klabu, nikitulia nitakuja kufuturu kwako. Mwambie Sabir ajiandae, nikipata nafasi nitamtoa timu ya vijana nimweke karibu yangu.

Kamaludin

*

Chumbageni
20 Machi 2025

Kamaludin,

Ramadhani karim. Uko mtaa wa tatu kutoka kwangu na barua zako za Mombasa zilikuwa zinafika upesi zaidi. Kila magharibi natenga sahani ya ziada. Inarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Najua kwa nini huji. Basi nitasema, ili usinisaidie kunyamaza. Ndiyo, kaimu alikuwa Sabir. Walimtoa timu yao ya vijana wakamshikisha kubwa tangu Novemba, siku zile nilipokuandikia kwamba hana nafasi. Timu ilikuwa inakwenda vizuri. Nilijua na sikukwambia, kwa sababu ningekwambia usingevuka, ungerudi safu ya pili kama baba. Niliposoma habari ya chumvi niliogopa. Sabir ni kijana, nilijiambia, ana miaka mbele yake. Nilipima kati ya ndugu na mkwe, nikachagua ndugu. Yumna hanisemeshi. Anapika, ananiwekea, anaondoka. Mtoto peke yake ndiye anayenijibu, na unajua neno lake.

Barua hii anakuletea Sabir mwenyewe. Nilimwambia ampe Baya, akasema, "Mama, si nakutana na mjomba kila siku?"

Njoo ufuturu. Au usije, lakini sema neno.

Dada yako

*

Nyumba ya klabu, Tanga
28 Machi 2025

Dada,

Sabir alinipa barua yako kwa mikono miwili. Alisimama kungoja kama nina la kumtuma.

Nitakueleza ilivyokuwa siku ya kwanza, maana yeye hatakueleza. Nilifika uwanjani saa za alasiri, siku ya mechi. Nilimwona amesimama mlangoni na filimbi mkononi. Nikafurahi, nikadhani amekuja kunilaki kama mkwe. Akasema, "Karibu, kocha." Hakusema mjomba. Akanipa filimbi. Akanipa funguo. Akanionyesha bomba gani lina maji. Hapo ndipo nilipoelewa, na waandishi walikuwa wameshasogea.

Tukaenda kwenye benchi. Kiti cha kwanza kilikuwa kitupu, kimefutwa vumbi. Chake kilikuwa cha pili. Tangu Novemba hicho cha kwanza alikuwa hajakikalia. Nikakaa, dada. Watu walikuwa wanatazama, nikakaa.

Baada ya mechi nikaulizwa kuhusu yeye. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamshika bega, nikasema, "Ni kijana mzuri sana. Anawajua wachezaji. Atanisaidia." Makofi yakapigwa, naye akapiga. Nilimtazama mikono yake inavyopiga na nikaijua, maana ilikuwa yangu ya Januari. Kwenye mihogo ile ya Mama Ngina niliambiwa kuna kaimu, na sikuuliza jina lake. Mimi, ambaye nimeitwa kaimu mara nyingi kuliko nilivyoitwa Kamaludin, sikuuliza jina.

Jana nilikwenda kwa mwenyekiti. Nilimwambia timu ilikuwa na mtu na anaiweza, ampe. Akashangaa kweli. "Sabir? Mbona hajawahi kuomba?" Nikamuuliza Sabir kwa nini hakuomba. Akaniambia, "Mjomba, si wewe uliyenifundisha?"

Nimemwachia mwenyekiti mkataba wake. Baada ya Idi navuka kurudi. Kwako sitapita, si kwa chuki. Sijui niketi wapi mbele ya Yumna. Lakini Sabir nimemkalisha chini hapa chumbani, nimempa karatasi, nikamwambia aandike kwa mkono wake kwamba anaitaka timu. Alitokwa na jasho kama mtu aliyetukana. Mimi pia.

Kamaludin

*

Chumbageni, Tanga
18 Mei 2025

Ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa Kulthum. Baya alikuwa mgonjwa wa tumbo mwezi mzima, vinginevyo ungenipata mapema.

Sabir alipeleka maombi yake mwenyewe, amevaa kanzu ya Idi. Hawakumjibu kwa wiki kadhaa, kisha wakamwambia aendelee kushika, kuna Mbrazili wanamzungumzia, msimu ujao. Basi. Sikuandikii ili ufurahi.

Lakini kuna hili. Tangu apeleke ile karatasi amehama kiti. Alisema, madhali nimeshasema naitaka, nikijificha nitakuwa mnafiki. Mechi zilizobaki za msimu alikaa kiti cha kwanza. Watu walimsema, hasa wazee wa hapa mtaani, na mmoja alimwambia usoni kwamba hana haya. Yumna alijitanda akaenda uwanjani kumtazama anavyokaa. Aliporudi aliingia jikoni, akavuta kibao cha mbuzi, akaanza kunikunia nazi. Alikuna nazi yangu yote. Nililia kwenye moshi, nikasingizia moshi.

Simu yako bado imezimwa. Sisemi kitu.

Fadhiya

*

Kibokoni, Mombasa
22 Juni 2025

Dada yangu Fadhiya,

Waalaykumu salaam. Kulthum anakusalimu, achari ya ndimu zako imekuwa tayari, mtungi mmoja anao Baya pamoja na barua hii. Mwambie Yumna sehemu yake ni nusu.

Mbelgiji ameondolewa baada ya mechi ya mwisho. Alipita hapa barazani kuniaga, nikamnywesha kahawa, akaungua ulimi. Siku ya tatu yake akaja Bwana Jefwa. Alikaa pale pale anapokaa siku zote, akapokea kikombe, akapangusa jasho. Wazee wa baraza walikuwepo wote. Akasema, "Kamaludin, msimu unakaribia. Shika timu kidogo, mpaka tupate mtu."

Inshallah ilikuwa imeshafika ulimini. Nikamfikiria Sabir na ile kanzu ya Idi. Nikasema, "Sishiki. Naitaka. Nipeni timu yenyewe, na maombi nimeandika, yako ndani." Na kweli yalikuwa ndani, tangu barua yako ya Mei.

Mzee mmoja aliangalia chini kana kwamba nimevuliwa nguo. Bwana Jefwa alishika kikombe bila kunywa. Dada, moyo wangu ulidunda mpaka nikauogopa. Niliona haya masikioni, nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia baba, Mungu amrehemu, nilitaka kuinuka niondoke na nilitaka kukaa. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu hujisikia hivi. Nikaingia ndani, nikamletea karatasi. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema atawaeleza wenzake.

Mpaka leo hajarudi. Nasikia wana jina la mtu kutoka Serbia. Pengine ni kweli. Simu nimeiwasha, wakitaka kunitukana wanitukane.

Siku ile ile, alipoondoka, Kulthum aliniwekea wali na samaki wa kupaka. Akaniuliza, kama anavyouliza kila siku bila kungoja jibu, kama chumvi imetosha. Nikamwambia imezidi. Akaacha kijiko, akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Ndugu yako,
Kamaludin